Uvunguni mwa Gari la Kale

Mashindano ya urembo wa magari yana jambo moja ambalo yale ya binadamu hayajathubutu kulifanya: mwamuzi hulala chali akachungulia uvunguni. Katika Africa Concours d'Elegance, mashindano ambayo klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo iliyaanzisha Nairobi mwaka 1970, na ambayo kwa miaka mingi yamefanyika Ngong Racecourse, gari halipimwi kwa rangi na vyuma vinavyong'aa pekee. Waamuzi hufungua boneti, hukagua viti na buti, hulitazama gari likitembea, kisha huteremka chini ya chesisi kutafuta matope, grisi na kutu. Ndiyo maana asubuhi ya siku yenyewe utamkuta mtu mzima, mwenye wafanyakazi wake na hadhi yake mjini, amepiga magoti nyasini akisugua nati za gurudumu kwa mswaki wa meno. Mkewe amemshikia kopo la maji. Watoto wamekwisha kuchoka na wanauliza chakula ni saa ngapi.

Nawapenda watu hawa. Nalisema mapema kwa sababu nitawalaumu kidogo mbele ya safari. Huku kwetu kipya ni kinyemi kingawa kidonda, na mtu anayetumia mshahara wake kulifufua gari ambalo majirani walishaanza kulianikia nguo ana ujasiri wa aina yake. Faida haitafuti, na hata akiitafuta haitaiona. Gasketi moja huleta pistoni, pistoni huleta ringi, ringi huleta kazi ya kukereza silinda, na anayekereza silinda atakuonyesha kwa kidole ufa ambao hukuujua. Mpenzi wa kweli wa magari hufika mahali akaacha kuhesabu. Risiti huzitia katika boksi la viatu, na boksi lenyewe hulificha.

Ila huo uvungu safi unanisumbua. Gari lililoishi Afrika Mashariki kwa nusu karne, likapita murram ya Kajiado wakati wa kiangazi na utelezi mweusi wa Mau Summit wakati wa masika, limeandikwa habari zake zote huko chini. Ukiusugua uvungu ukawa kama siku gari lilipotoka kiwandani, umepata alama za waamuzi, lakini habari umezifuta. Je, ulikuwa unahifadhi nini?

Tuchukue Peugeot 404, au Pijo kama tulivyozoea kuiita, kwa sababu hakuna gari lililoishi maisha mengi huku kuliko hilo. Lilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, injini yake ya lita 1.6 ikiwa imelazwa ubavu ili boneti iwe chini, gia yake ikiwa kwenye usukani. Kwa Mfaransa lilikuwa gari la daktari wa mji mdogo. Kwetu lilipata jina katika mbio za Safari. Mwaka 1963 magari 84 yalianza mbio hizo na saba tu ndiyo yaliyomaliza. La kwanza kati ya hayo saba lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, akashinda kwa 404 mwaka 1966 na tena 1967. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia, na safari hiyo pia magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba. Baada ya matokeo ya namna hiyo hapakuhitajika tangazo la biashara. Mwalimu mkuu, mfanyabiashara wa kahawa, mkuu wa wilaya, kila aliyekuwa na uwezo wa kununua gari alitaka lile ambalo matope yalishindwa kulimeza.

Maisha ya pili ya gari hilo ndiyo yanayonivutia zaidi, na hayo hayamo katika vitabu vya wapenzi wa magari wa Ulaya. Lilipochoka mikononi mwa mwalimu mkuu liliuzwa. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, Pijo nyingi, za 404 na za mdogo wake 504, zilifungwa keria juu, zikaongezwa majani ya springi, zikaingia njia ndefu. Waliosafiri kwenda magharibi mwa Kenya miaka hiyo wanajua: watu kumi katika gari lililokusudiwa saba, kuku miguuni, godoro juu, na dereva ambaye hakuamini kuwa lori la mbele lilikuwa na haki ya kuwa mbele. Bila mafundi gari hilo lisingeishi mwaka mmoja katika kazi hiyo. Kabureta ilipokufa ikafungwa ya Datsun. Bushi zilikatwa kutoka mpira wa tairi kuukuu. Gasketi ilichorwa kwa kalamu juu ya karatasi ngumu ikakatwa kwa mkasi. Spea zilitafutwa Grogan, ile barabara ya Nairobi ambayo jina lake rasmi sasa ni Kirinyaga, na ambayo watu wa mjini husema kwa utani kuwa kioo chako cha pembeni kikipotea asubuhi, mchana utaenda kukinunua huko.

Sasa mwenye gari wa leo analipata Pijo hilo nyuma ya nyumba huko Kakamega, magurudumu yamezama ardhini, mwiba umeota kupitia sakafu. Analibeba kwa lori mpaka Nairobi. Kulifumua huchukua wiki chache. Kulirudisha huchukua miaka. Mwenye busara hupiga picha kila hatua, hutia boliti katika vifuko, na kila kifuko hukiandika, maana akili ya binadamu haiwezi kukumbuka baada ya miezi minane kipande kile cha bati chenye matundu matatu kilitoka wapi. Kisha msasa. Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu kwa mtu kama mimi asiyeifanya kwa mikono yake. Chini ya rangi ya kijivu inatokea nyeupe, chini ya nyeupe bluu, na mahali pengine puti nene kama chapati ambayo fundi fulani aliipaka kuficha mkunjo. Kila rangi ina mwenye gari wake. Siku moja rafiki yangu aliyekuwa akilisugua 404 lake alikuta juu ya mlango wa nyuma herufi zilizopakwa kwa brashi, nusu zimefutika: jina la mji, na chini yake maneno mawili ya kumtukuza Mungu. Aliniita nikaja kutazama. Tulisimama pale kama watu waliokuta kaburi shambani.

Akaendelea kusugua. Kitabu cha kiwanda hakikuwa na herufi hizo, na alitaka gari liwe kama kitabu kinavyosema.

Mzozo uliofuata ulikuwa wa mlango huohuo. Fundi wake, mzee wa Kariobangi aliyeanza kunyoosha bodi kabla sisi hatujazaliwa, aliutazama akatabasamu. Mlango huo aliupiga yeye mwenyewe kwa nyundo zamani, kutoka bati bapa, gari likiwa bado la abiria.

"Mzee, lakini huu si wa kiwanda," rafiki yangu akamwambia. "Nitaagiza mwingine Ufaransa."

"Kiwanda kilikuwa wapi tulipogonga ng'ombe Narok?"

Hakujibiwa. Mlango wa Ufaransa ulifika, ukalipiwa ushuru, ukafungwa, ukakaa sawasawa. Ni mlango mzuri. Uliopigwa na mzee umeegemezwa ukutani katika stoo, nyuma ya makopo ya rangi, na mimi kila nikienda kwake huomba nikautazame. Mkunjo wake umefuata wa kiwanda kwa karibu kabisa, isipokuwa karibu na kitasa ambapo mkono wa mtu unaonekana.

Ulaya, ambako tunaagizia milango, mawazo yenyewe yamekwisha kugeuka. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa mwaka 1966, limepitisha mwongozo wake unaoitwa Mkataba wa Turin, ambao uliandikwa kwa kufuata mfano wa ule wa Venice wa mwaka 1964 unaohusu majengo na maeneo ya kale. Roho yake ni hii: bora kuhifadhi kuliko kutengeneza upya, na ukilazimika kutia kipande kipya, kitie alama ili atakayekuja baadaye ajue kipi ni cha zamani na kipi umekileta wewe. Alama ambazo matumizi yaliziacha katika gari zinahesabiwa kuwa sehemu ya historia yake. Katika maonyesho makubwa kama Pebble Beach, California, magari ambayo hayajawahi kutengenezwa upya, ngozi ya viti imepasuka na rangi imefifia, yana daraja lake na watu huyainamia kwa heshima. Kwa hiyo yule mzee wa Kariobangi alikuwa ameufikia mkataba wa Turin kwa njia ya Narok.

Iko kesi moja ya London ambayo kila mpenda magari angepaswa kuijua. Bentley iliyopewa jina la Old Number One ilishinda Le Mans mwaka 1929 na tena 1930. Baada ya hapo ikabadilishwa injini, ikabadilishwa mambo mengine mengi, na mwaka 1932 ikapinduka huko Brooklands ikamuua dereva wake, Clive Dunfee. Ikajengwa upya kwa bodi nyingine kabisa. Miaka ikapita, mikono ikabadilishana, bodi ikabadilishwa tena. Mwaka 1990 ilipatanwa kuuzwa kwa pauni milioni 10. Mnunuzi akasita: hii ndiyo ile kweli? Vyuma vya mwaka 1929 vilivyobaki ndani yake vilikuwa vichache mno. Shauri likafika Mahakama Kuu, na jaji, Otton, akakata hivi: gari hili haliwezi kuitwa asilia kwa maana ya kuwa na vyuma vyake vya mwanzo, lakini ni halisi, ndilo Old Number One, kwa sababu historia yake haikukatika. Kila badiliko lilifanywa juu ya gari lililokuwapo, na wakati wote liliendelea kujulikana kwa jina hilo. Hakuna gari jingine lililoweza kusimama na kudai nafasi yake.

Hukumu hiyo hunipa raha kila nikiikumbuka. Ukiipima kwa macho ya Kariobangi, Pijo zetu zote zimeshinda kesi. Kabureta ya Datsun, bushi za tairi, mlango wa nyundo: mnyororo haukukatika. Unakatika pale ambapo mtu anavitoa vyote hivyo bila kuandika popote kuwa vilikuwapo, kisha anatuonyesha gari la mwaka 1965 ambalo halijawahi kufika Kenya.

Nisije nikaonekana naipamba zamani. Iko zamani nyingine katika magari haya ambayo wenye klabu hawaipendi kuizungumza. Landrova lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, bodi yake ikiwa ya aluminiamu kwa kuwa chuma cha pua na chuma cha kawaida vilikuwa vya mgao Uingereza baada ya vita, na rangi yake ya mwanzo ikiwa kijani. Anayelifufua leo hukutana na ajabu ile ile kila mara: bodi nzima, chesisi imeoza. Ni gari zuri, nami pia hugeuka likipita. Lakini kwa mtoto wa Murang'a wa mwaka 1954, mlio wa Landrova ulikuwa ni wa askari, wa msako, wa baba kuchukuliwa usiku. Hata hizo mbio za Safari zilizotupa mashujaa wetu zilianza mwaka 1953 kwa jina la kumtukuza malkia mpya wa Uingereza siku za kutawazwa kwake, wakati Kenya iko katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Magari yalipita kwa vumbi na shangwe katika nchi ambayo wenyeji wake wengi walihitaji kibali kutoka kijiji kimoja kwenda kingine.

Je, tuyachome? Hapana. Ninachotaka ni kwamba anayelionyesha Landrova la serikali ya kikoloni aandike kwenye lile bango dogo linalowekwa mbele ya gari kuwa lilitumika wapi na kwa kazi gani, sio ujazo wa injini na idadi ya gia tu. Gari la bwana shauri lilikuwa na dereva, na lilikuwa na taniboi aliyelisukuma likikwama. Hao nao walikuwamo.

Na ni haki kusema kuwa mambo yaligeuka upesi. Mwaka 1965, chini ya miaka miwili baada ya uhuru wa Kenya, Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 lililokwisha kutumika, wakawaacha nyuma madereva wenye timu nzima za viwanda. Joginder alikuwa fundi, mwana wa fundi. Alijua gari linapolia linalia nini. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mara tano, nne kati yake mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Wazee wanaojaza viti Ngong Racecourse wengi walikuwa watoto waliosimama kando ya barabara wakati huo, wakisubiri vumbi. Ukimuuliza mmoja wao kwa nini ametumia akiba yake ya uzeeni kununua Datsun lisilokuwa na hata redio, atakutajia kona ya barabara na mwaka.

Nije kwenye usajili, jambo ambalo wengi huliona kama usumbufu wa foleni na mihuri. Kwangu ndio moyo wa shughuli yote, na hukumu ya jaji Otton inaniunga mkono: kilicholiokoa lile Bentley ni kumbukumbu. Gari lina namba ya chesisi iliyogongwa katika chuma, lina namba ya injini, na lina namba ya usajili. Ya kwanza husema lilizaliwa wapi. Ya pili mara nyingi hudanganya, kwa sababu injini hubadilishwa. Ya tatu husema lilipoishi. Kabla ya mwaka 1989 namba za Kenya zilikuwa herufi tatu zinazoanza na K na tarakimu baada yake, basi. Mwaka huo ukaja mfululizo mpya wenye herufi ya mwisho, kuanzia KAA 001A. Kwa hiyo anayejua kusoma namba anaweza kusimama mbele ya gari na kukisia muongo lililoingia barabarani kabla hajaangalia kitu kingine. Logibuku ya zamani yenye orodha ya wamiliki ni nasaba kamili: huyu alimuuzia yule, yule akahamia Eldoret, mjane wake akamuuzia chama cha ushirika.

Lakini sheria zetu huutazama uzee wa gari kwa jicho baya, na sababu yake inaeleweka. Sisi ndio soko la magari yaliyochokwa na wengine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Uganda mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15. Tanzania humtoza ushuru wa ziada anayeingiza gari lililozeeka. Bila mipaka hiyo bandari za Mombasa na Dar es Salaam zingegeuka kuwa makaburi ya vyuma vya Japani. Wakati huohuo, huko yanakotoka magari, umri ukizidi unageuka kuwa heshima. Ujerumani tangu mwaka 1997 gari lililotimiza miaka 30 na kutunzwa vizuri hupewa namba inayoishia na herufi H, na kodi yake hupangwa kivyake. Uingereza gari la miaka 40 linaweza kusajiliwa kuwa la kihistoria, likasamehewa ushuru wa barabara, na tangu 2018 halilazimiki kukaguliwa kila mwaka. FIVA inahesabu kuanzia miaka 30. Kati ya miaka minane na thelathini kuna shimo, na huko ndani ya shimo ndiko magari mengi ya Waafrika huishi na kufia.

Serikali zetu zingeweza kulitenganisha jambo hili bila gharama kubwa. Gari lililoingizwa jana likiwa limechoka ni tatizo la hewa na usalama. Gari lililosajiliwa Nakuru mwaka 1964 na halijawahi kuondoka nchini ni kumbukumbu ya taifa inayotembea kwa magurudumu, hata kama limekaa juu ya mawe. Yanahitaji milango miwili tofauti kwenye ofisi, na fomu mbili.

Neno juu ya kutembea. Jumba la makumbusho la Dar es Salaam lina Rolls-Royce iliyotumiwa na magavana wa Kiingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere. Ni jambo jema kwamba lipo, na ningependa kila mtoto wa shule aliwekee mkono, kama walinzi wangekubali. Hata hivyo gari lililosimama daima huanza kufa kwa namna yake. Mipira hukauka, breki hushika, mafuta huganda katika mabomba. Wanaofufua magari wanajua kuwa dawa ya kwanza ni kuliendesha kila wiki, hata kilomita chache. Kuendesha nako kuna matata yake. Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, na kwa afya za watoto wetu hatuwezi kuililia. Ila injini nyingi za zamani zilitegemea ile risasi kulinda viti vya valvu, kwa hiyo mwenye gari hana budi kukereza na kuweka vipya vya chuma kigumu zaidi. Kwa mkataba wa Turin hilo ni badiliko. Kwa akili ya kawaida ni sharti la kuishi. Hapa mimi nipo na akili ya kawaida: badilisha, andika ulichobadilisha, cha zamani kitunze, uondoke.

Mbio za Safari za magari ya kale, zilizoanza mwaka 2003 kuadhimisha miaka 50 ya zile za kwanza, zimechukua msimamo huohuo kwa kelele zaidi. Björn Waldegård, aliyeshinda Safari mwaka 1977 akiwa kijana, alirudi akashinda hizi za magari ya kale mwaka 2007 na 2011. Magari hurudi yamevunjika taa, milango imeshikiliwa kwa mkanda, na hakuna mtu anayeuliza habari za uvungu. Usiku kucha mafundi wa hapahapa huchomelea chesisi ambazo wahifadhi wa Ulaya wangezitia kwenye kabati la kioo.

Na hao mafundi ndio kisa changu. Kombe katika maonyesho ya magari, huku na kwingineko, hukabidhiwa mwenye gari. Anastahili: yeye ndiye aliyelipa, akavumilia, akakosana na ukoo. Lakini asilimia kubwa ya kilichokaguliwa na yule mwamuzi aliyelala chali ni kazi ya mikono mingine, na jina la mwenye mikono hiyo halimo katika programu, halimo kwenye bango, halimo katika logibuku. Klabu za magari zina nafasi ya kurekebisha hilo mwaka ujao tu, kwa kuongeza mstari mmoja kwenye fomu ya kujiandikisha. Zaidi ya hapo ziweke daraja la gari lililotumika: lije na keria yake, na maneno yake ya nyuma, na mlango wake wa nyundo, lihukumiwe kwa ukweli wa historia yake na jinsi mwenyewe anavyoijua. Ningelipa kiingilio mara mbili kulitazama.

Kwako wewe ambaye huna gari la kale wala hulitaki, huenda kuna logibuku au kadi ya gari la baba au la babu katika sanduku pale nyumbani, au bati la namba limepigiliwa kwenye mlango wa banda la kuku. Usilitupe. Mtafute fundi aliyelishughulikia gari hilo kama yu hai bado, muulize alibadilisha nini, mwaka gani, na kwa nini, kisha andika majibu yake pamoja na jina lake kamili, uiweke karatasi hiyo ndani ya logibuku.